Ile 128 Iliyozidi

Kabla ya 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha runinga, lakini nyumbani kwa Mwalimu, Nyamanoro, Mwanza, runinga ilikuwepo, na ilionyesha kitu kimoja tu: kompyuta yake. Alirudi nayo kutoka Uingereza alikokwenda kusoma. Ilikuwa ZX Spectrum ya 48K, ile ya kampuni ya Sinclair iliyotoka 1982, nyeusi, yenye vitufe vya mpira. Watoto wa mtaa walijazana sebuleni kwake kuona grafu zikijichora zenyewe. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa runinga yoyote ile.

Mwaka 2003 aliileta kwa mjomba wangu, fundi redio wa Kirumba, ikiwa ndani ya mfuko wa rambo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo huku nikijifunza ufundi. Kijana mmoja alikuwa ameichomeka kwenye adapta ya redio. Sasa, adapta nyingi za redio tulizokuwa tukizipokea pale dukani zilikuwa na chanya katikati ya plagi. Ya Sinclair ni volti 9, na katikati hukaa hasi.

“Binti yangu,” Mwalimu aliniambia baada ya shikamoo, “humo hamna kitu nisichokipenda. Mwangalieni taratibu.”

Tuliiunga kwenye runinga, tukaitafuta chaneli 36 ya UHF. Kioo kikatoa viraka vyeusi na vyeupe, ovyo ovyo. Mjomba akachukua mita. Chipu za kumbukumbu za mashine hiyo, zile 4116, hutaka umeme wa aina tatu: volti 5, volti 12 na volti hasi 5. Tena miguu yake imepangwa kinyume cha mazoea. Fundi aliyezoea chipu za kawaida hutegemea mguu wa 8 uwe ethi na wa 16 uwe na volti 5. Kwenye 4116 mguu wa 8 ndio wenye volti 12, na ethi iko wa 16. Mguu wa kwanza, ambako hasi 5 ilitakiwa, mita haikusoma kitu. Ile 12 nayo ilikuwa chini. Zote mbili huzalishwa na koili moja inayoendeshwa na transista iliyoandikwa TR4 kwenye bodi, na TR4 ilikuwa imekufa. Kubadilisha transista ni kazi ndogo. Volti zikarudi zote.

Lakini 4116 ikipata 12 bila ile hasi 5 huweza kuungua, kwa hiyo hatukushangilia. Tulipowasha tena, kioo kilikuwa na mpaka mweupe pembeni na ndani yake mistari myembamba myekundu, imesimama wima juu ya weusi. Mara rangi zikageuka, mistari ikawa myeusi juu ya wekundu. Zikarudi. Zikageuka tena, bila kukoma.

“Chipu za kumbukumbu hizo,” alisema Mjomba. “Tunang'oa zote nane.”

Mimi sikutaka. Bodi zile njia zake za shaba ni nyembamba na huinuka zikipata joto, na chipu nane ni miguu 128. Nikaomba anipe muda. Jioni ilikuwa imeingia, wadudu wa ziwani wamejaa kwenye mwanga wa kioo, nawafuta kwa kitambaa huku nimeshika lenzi ya fundi saa. Mistari haikuwa imepangwa kwa nafasi sawa. Ilienda miwili miwili: mmoja umegusa kabisa mpaka mweupe wa kushoto, wa pili mbele yake, kisha karibu na huo ukaanza mwingine, na mpangilio ukajirudia mara 32 hadi upande wa pili.

“Thelathini na mbili ni herufi za mstari mmoja,” alisema Mwalimu, akavuta kiti. “Kila herufi nukta nane upana wake. Hebu niambie mistari iko nukta ya ngapi.”

“Ya kwanza na ya saba.”

Akaandika kwenye karatasi 10000010, moja kwa kila nukta iliyowaka. Kisha akanieleza jambo ambalo hadi leo naliona zuri mno. Mashine hiyo ikiamka huandika namba 2 kila mahali kwenye kumbukumbu, hata panapotunzwa nukta na rangi za kioo, halafu hupita tena ikiisoma na kuifuta. Ikiwa nzima, mistari myekundu hupita kufumba na kufumbua. Namba 2 ndiyo nukta ya saba (kutoka kulia nukta huhesabiwa 1, 2, 4, hivyo hivyo hadi 128), na katika hesabu ya rangi 2 ni nyekundu.

“Hiyo 2 ni yake,” alisema. “Nukta ya kwanza ni 128. Na 128 kwenye rangi ni nini?”

“Kumetameta.”

“Basi nani ameiongeza?”

Kioo kilikuwa kinajibu swali hilohilo mara mbili, kwa mstari uliozidi na kwa kumetameta. Chipu nane, IC6 hadi IC13, kila moja hubeba biti moja (0 au 1) ya kila baiti ya kioo, yaani kila namba ya biti nane, na biti ya 128 iko IC13. Mjomba aliniangalia. “Haya mama,” alisema (nimebeba jina la mama yake), “leta koleo.”

Alikata miguu ya IC13 mmoja mmoja, akatoa mabaki, akaweka soketi. 4116 nyingine tuliichomoa kwenye bodi kuukuu ya kompyuta ya Apple II Plus iliyokuwa kwenye gunia la vyuma chakavu. Tulipowasha, wekundu ukapita, kikaja cheusi, kikaja cheupe, na chini yakatokea maandishi: © 1982 Sinclair Research Ltd.

Mwalimu hakuridhika na maandishi. Akaandika POKE 22528,130, yaani weka 130 (128 na 2) kwenye rangi ya kisanduku cha kwanza. Kisanduku kimoja, kile cha kona ya juu kushoto, kikaanza kumetameta, vingine vyote vimetulia. Akacheka kwa sauti, akanishika bega.

Tulimgeuzia waya za adapta mpya, nikabandika plasta juu yake niliyoandika “Volti 9, hasi katikati”, na Mjomba akamtoza bei ya transista moja na chipu moja.