Mbeya kwenda Iringa na gari inayokunywa oili, wakatuambia gasketi imekata

Barabara ya Mbeya kwenda Iringa inakushusha kwanza ndo inakupandisha. Unatoka Uyole kwenye viazi na baridi, ukifika Inyala mteremko unaanza, malori yanashuka na gia nzito huku harufu ya breki imejaa barabarani, unashuka hadi unajikuta Usangu, joto, mpunga, Igurusi hiyo, Chimala hiyo, alafu ukivuka Igawa unaanza kupanda tena mpaka Makambako kwenye baridi nyingine. Anayeijua hii njia ataelewa kwa nini ugonjwa wa gari yetu ulijificha Mbeya mjini ukaja kujitokeza njiani.

Tulikuwa wanne. Shemeji ndo mwenye gari na ndo dereva, mi nimekaa pembeni yake, nyuma yuko mjomba ambaye ndo mshenga, na shangazi ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumpunguza mjomba maneno. Barua ya posa iko kwenye mkoba wa shangazi, saa nane mchana tunatakiwa tuwe Iringa, na mjomba anasema hao watu ukichelewa hawakugombezi, wanakupiga faini tu. Gari ni wagon ya Kijapani, petroli, cc 1500, jina silitaji maana nawajua, mtaacha habari mtaanza kubishana.

Asubuhi kuwasha tu ekzosi ikatoa moshi mweupe. Mjomba akasema "hiyo ishaanza." Nikamwambia mjomba huu ni mwezi wa saba na hapa ni Mbeya, kila gari inayowashwa saa hizi inatoa huo, ni mvuke, injini ikipata moto unaisha. Na kweli kabla ya Uyole ulishaisha. Moshi mweupe wa kuogopa ni ule ambao injini imeshapata moto vizuri na bado unatoka mzito, una kaharufu ka utamu ka kulanti (ile dawa ya kwenye maji ya rejeta), na maji kwenye rejeta yanapungua hujui yanaenda wapi.

Sasa Inyala. Shemeji ni dereva mzuri wa miteremko, hakai juu ya breki, anarudisha gia anatoa mguu kwenye mafuta gari inashuka yenyewe taratibu. Tumefika chini kakanyaga mafuta, nikaona kwenye kioo nyuma yetu kumekuwa bluu. Sio kamoshi, ni wingu, Coaster ya nyuma ikatupigia taa. Baada ya muda ukakata, tukasema labda ni vumbi la nani sijui, tukapata kateremko kengine, mguu nje, chini akakanyaga, wingu lingine. Hapo hata shangazi akageuka.

Tukasimama Igurusi. Dipstiki ikaonyesha oili imeshuka karibu na alama ya chini, na shemeji anaapa jana yake aliijaza. Kwenye tenki dogo la maji nako maji yamepungua, na pembeni ya mfuniko wa rejeta kuna michirizi ya kulanti iliyokauka. Oili inaliwa, maji yanapungua, moshi upo. Hata mi roho iliruka.

Akaja fundi wa palepale barabarani. Akachomoa hozi inayotoka eya klina, akasukuma kwa kidole kile kibati cha throto kinachofunga na kufungua hewa ya injini, akapitisha mkono ndani, ukatoka umelowa oili. Akafungua mfuniko wa oili juu ya injini, chini yake kuna utando wa njano njano. Akafuta mkono akatoa hukumu: gasketi ya hedi imekata, oili inapandia hapo inaingia intake (njia ya hewa ya injini), hedi ishuke, iende ikasawazishwe, gasketi mpya, laki nne na nusu na kesho kutwa mnaondoka. Mjomba akarudia "kesho kutwa?" kwa sauti ambayo shangazi alimshika mkono.

Mi sina cheti cha ufundi lakini nimekulia kwenye gereji ya baba mdogo pale Mwanjelwa, nimeosha spea na dizeli mpaka kucha zikabadilika rangi, na hiyo hesabu ilikuwa hainiingii. Gasketi ya hedi imelala kati ya bloku na hedi, kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visikutane, moto wa ndani ya sirinda, maji, na oili. Ikikata, hivo vitatu ndo vinaingiliana: maji yanaingia kwenye oili, au moto unaingia kwenye maji, au sirinda mbili zinavujiana. Intake iko pembeni kabisa ya hiyo ndoa. Ili gasketi ilete oili kwenye intake lazima moto uvuje kwenye njia ya oili, presha ijae chini kwenye sampu, yani bakuli la oili, ndo ile hewa chafu itoke na oili ipandishe mpaka intake. Inawezekana, sikatai, ila ni safari ndefu na ingeacha ushahidi mwingine njiani.

Na ushahidi wenyewe haukuwepo. Oili kwenye dipstiki ilikuwa nyeusi safi, maji yakiingia kwenye oili inageuka kama chai ya maziwa, hata mtoto ataona. Ule utando wa njano chini ya mfuniko, we gari ya shemeji inatoka Forest inaenda Soweto, hapo hapo Mbeya mjini, inarudi, haijapata moto vizuri ishazimwa, na baridi ya Mbeya unaijua, unyevu unaganda pale juu. Mshale wa joto haukuwa umesogea hata kidogo toka nyumbani. Nikamwambia shemeji tujaze maji, tununue oili, twende polepole macho kwenye mshale, ukisogea tu tunasimama, Makambako kuna mzee namjua ana geji ya kompresheni. Yule fundi akatuambia tutakwama Igawa. Tukamlipa ya kuangalia tukaondoka.

Chimala tukachukua oili. Mjomba akamwonyesha shangazi njia ya Matamba, ile ya kona hamsini na saba inayopanda kwenda Kitulo, akasema na hii gari tungekuwa tunapanda kule tungeshafika mbinguni. Shangazi hakucheka.

Kupanda kwenda Makambako hakukuwa na shida, na hilo likanifikirisha zaidi. Gasketi iliyokata inalalamika ukiipandisha mlima na mzigo, hapo ndo joto na presha vinakuwa juu. Yetu ikawa inapanda bila moshi, nguvu iko, mshale umetulia. Inavuta oili ikiwa inashuka mguu ukiwa nje ya mafuta. Kumbuka hilo.

Makambako upepo na baridi, mzee tumemkuta. "Kamwene." Shangazi akajibu vizuri kuliko sisi wote. Mzee kwanza akakataa kugusa mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe, akatutuma chai. Mjomba akatusimulia reli ya Wachina inayopita hapo, ilivojengwa toka 1970 mpaka 1975, kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kilomita 1,860, na kwamba ile haikuwahi kuharibikia Igurusi. Tukawa tunaangalia saa.

Tuliporudi mzee akaanza na ile hozi ya kutoka eya klina, ila yeye hakukimbilia ndani. Akapitisha kitambaa cheupe kwanza ndani ya hozi yenyewe, kabla ya kibati cha throto, kikatoka na vumbi na unyevu kidogo tu. Alafu akasukuma kibati, akapitisha kitambaa nyuma yake upande wa manifodi, yani bomba linalogawa hewa kwenye sirinda, kikatoka kinadondosha. Akatuwekea sehemu mbili za kitambaa pembeni pembeni juu ya fenda akasema angalieni wenyewe. Kama injini inapumua vibaya toka chini, iwe ni ringi za pistoni zimeisha au gasketi, ule upumuo unasukuma oili mpaka kwenye hii hozi ya mbele. Hapa mbele pakavu, oili yote iko nyuma ya kibati. Kwaiyo kuna kitu kinaivuta, hakuna kinachoisukuma. Yani mi nilikuwa nimekaa na hiyo akili toka Igurusi lakini sikuwa nayo kwa maneno hayo.

Akachomoa plagi zote, zote zina oili, hakuna iliyooshwa safi. Maji yakiingia kwenye sirinda moja, plagi yake inatoka safi inang'aa kuliko wenzake. Akatoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akafunga geji, kioo kimepasuka kimebandikwa plasta, akamwambia shemeji kanyaga mafuta mpaka chini piga stata. Mshale ukapanda kwa kuruka ruka, ukasimama psi 150, ndo kipimo cha presha hicho. Ya pili 150, ya tatu 145, ya nne 150. Shemeji akashtuka, anajua injini kama yake inatakiwa iwe 180 na kuendelea. Mzee akacheka. Akamwambia hapa uko juu mita 1,600 na kitu, hewa yenyewe inayoingia kwenye sirinda ni pungufu kama asilimia 17 kuliko Dar, sasa geji itasoma nini? Hiyo hiyo ukiishusha Dar inakupa 180. Cha kuangalia ni sirinda zisipishane sana, moja ikianguka kwa zaidi ya asilimia 10 au 15 hapo ndo ujiulize, na zikianguka mbili zilizo jirani basi gasketi imekata kati yao. Nimeshaona watu Mbeya wamefanyiwa ovahoo kwa sababu fundi kasoma geji ya milimani kwa kitabu cha usawa wa bahari.

Akajaza rejeta mpaka juu, mfuniko nje, akawasha, akakaa anaangalia maji. Moto ukiwa unavuja kwenye maji utaona mapovu yanakuja mfululizo hayaishi. Maji yakatetemeka tu, yakapanda kidogo injini ilivopata joto, basi. Alafu akaokota mfuniko wa rejeta akaugeuza: raba imepasuka nusu ya mzunguko. Ndo wizi wetu wa maji huo. Mfuniko unashika presha ili maji yasichemke mapema, na kwenye milima hii maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayasubiri 100, kwaiyo mfuniko ukilegea tu yanatema. Magonjwa mawili tofauti, yameamua kuugua siku moja, ndo maana yalifanana na gasketi.

La oili lilikuwa PCV. Ni kavalvu kadogo kamechomekwa kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kana hozi inayoenda kwenye manifodi, kazi yake ni kuruhusu hewa chafu ya ndani ya injini ivutwe ikachomwe kwa kipimo. Ukikatikisa kazima kanatakiwa kalie. Mzee akakatikisa, kimya. Akapuliza upande huu ikapita, upande wa pili ambao inatakiwa ikatae nao ikapita. Imekwama wazi. Sasa unaposhuka Inyala mguu nje ya mafuta, kibati cha throto kimefungwa, injini inazunguka kwa nguvu ya mteremko na inavuta hewa isiyopata, mvuto ndani ya manifodi unakuwa mkubwa kuliko wakati wowote, na njia pekee iliyo wazi ni hiyo, inanyonya oili moja kwa moja. Chini ukikanyaga mafuta yote inaungua kwa pamoja. Forest mpaka Soweto hakuna mteremko wa kuonyesha hilo.

Nikamuuliza mzee vipi valvu sili, vile viraba vinavyozuia oili isiteremke kwenye valvu, maana nazo zinatoa moshi ukitoka kwenye mteremko. Akasema zinatoa, ila oili yake inadondokea palepale mlangoni kwa valvu, haiwezi kurudi nyuma ikajaa dimbwi kwenye throto.

PCV elfu kumi na nane duka la ng'ambo ya barabara, mfuniko elfu kumi na mbili, mzee mwenyewe elfu thelathini. Tukafuta manifodi na throto kwa kitambaa na petroli, plagi zikasuguliwa. Kuwasha ikatoa moshi wa bluu mpaka watu wa maduka wakatoka nje, ni ile oili iliyobaki huko ndani, ikaungua ikaisha.

Nyororo, Mafinga na misonobari ya Sao Hill, vijijini spidi hamsini hamsini kwa ajili ya tochi za trafiki, Ifunda, Ipogolo, tukapanda mjini. Kila mteremko shemeji alikuwa anatoa mguu makusudi, na mi na mjomba tunageuka nyuma. Hakuna kitu. Tulichelewa lisaa limoja na kitu, faini ikawa kreti ya soda na kanga ya bibi, mjomba akajitetea kwa hadithi ya PCV mpaka mzee wa upande wa pili akaomba aonyeshwe kale kavalvu kabovu, kalikuwa mfukoni.

Kurudi Mbeya oili haikushuka ya kusema. Kilichobaki ni kamoshi ka bluu kidogo asubuhi sekunde za mwanzo za kuwasha, na hizo sasa ndo valvu sili kweli. Hedi hata haishuki kwa kazi hiyo, fundi mwenye kompresa anajaza upepo kwenye sirinda ili valvu zisidondoke, anabadilisha kwa juu. Shemeji kasema mpaka harusi ipite.