Akriliki iliyovimba nyuma ya meko: jinsi nilivyotatua

Jikoni, nyumba moja ya Kisumu: akriliki (plastiki ngumu ya kufunika ukuta) ya milimita 4 ilivimba nyuma ya meko ya gesi. Akriliki hulegea joto likikaribia nyuzi 100, na hii ilikuwa sentimita 8 tu kutoka kwenye moto. Tena imebanwa ukuta hadi ukuta, haina pa kutanukia.

Nyuma ya meko nikaweka kioo kilichoimarishwa kwa joto la tanuri (tempered) cha milimita 6. Akriliki ikabaki upande wa sinki, pengo milimita 3 kila ukingo. Tundu la soketi lipimwe mapema: kioo hiki kikishapitia tanuri hakikatwi wala kutobolewa, kitasambaratika chote. Silikoni ya kubandikia inayonuka siki hula rangi ya nyuma ya kioo, tumia isiyonuka siki. Kiegemeze kioo kwa saa 24 hadi silikoni ishike.