Kuifuata Bandari ya Dar hadi Tunduma

Basi liliondoka Mbezi alfajiri, na kabla hatujafika Chalinze barabara ilishajaa malori ya Zambia, ya Kongo na ya kwetu, mengi yakitoka au yakienda bandarini Dar es Salaam. Nilitaka kuona bandari hiyo inaishia wapi. Gati naijua, safari hii nilikuwa natafuta ncha ya pili, Tunduma, mpakani na Zambia.

Mlima Kitonga ulinipa nafasi ya kuangalia vizuri, maana hapo kila gari linatambaa. Trela lililokuwa likishuka lilibeba shaba: mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mafurushi machache tu yaliyotandazwa sakafuni. Kwa macho utasema trela ni tupu. Lakini shaba ni nzito, mzani unajaa kabla nafasi haijajaa.

Makambako tukaikuta TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na moyo wangu ukachangamka. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru mwaka 1965, njia za kusini za Zambia kuelekea baharini ziliingia mashakani. Kaunda, rais wa Zambia, akahitaji bahari nyingine. Nyerere alikuwa nayo. Kwa mkopo wa China usio na riba, kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Upana wake ni milimita 1,067 kama reli za kusini mwa Afrika, ilhali Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Kwa hiyo behewa la Zambia linafika Dar bila kupakuliwa njiani, lakini haliwezi kuendelea Kigoma. Huo ni uamuzi wa kidiplomasia uliopigiliwa kwenye mataruma.

Tunduma foleni ilianza kabla ya mji. Dereva mmoja, ameegemea tairi la gari lake, alinieleza vizuri kuliko ripoti yoyote: "Kaka, meli ikishushwa haraka kule Dar, sisi tunakuja kujazana huku." Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, kilizinduliwa mwaka 2019, lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Ni hatua kubwa, ila barabara bado ni hiyohiyo.

Na Zambia haina sababu ya kusubiri milele. Inaweza kutumia bandari za Beira (Msumbiji), Durban (Afrika Kusini) na Walvis Bay (Namibia), na sasa Marekani na Ulaya zinaipigia debe njia ya bandari ya Lobito kupitia Angola. China nayo ilitia saini makubaliano na Tanzania na Zambia mwaka 2024 ya kuifufua TAZARA. Nchi isiyo na bahari ndiyo inayobembelezwa.

Nyumbani tunabishana sana kuhusu gati na winchi. Mimi, baada ya kuiona foleni ile, fedha inayofuata ningeipeleka kwenye maegesho ya Tunduma na vichwa vya treni vya TAZARA kwanza.