Nilivyochambua maneno ya watu kabla ya kuomba chuo cha Iowa

Mjomba alilisikia jina la Grinnell College, chuo kidogo cha jimbo la Iowa, Marekani, kwa mara ya kwanza sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, mwezi Julai 2018, siku chache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, na swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini mtoto aliyefaulu EGM (uchumi, jiografia na hisabati) aende college badala ya chuo kikuu. Kwake yeye, kama ilivyo kwa watu wengi wa rika lake, college ni chuo cha ualimu au cha ufundi, mahali anapokwenda mtu ambaye alama zake hazikutosha. Nilipomweleza kwamba chuo hicho kinafundisha kile kinachoitwa sanaa huria, kwa Kiingereza liberal arts, mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu neno sanaa lilimpeleka kwenye uchoraji na ngoma, na neno huria lilimpeleka Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako watu wazima husoma kwa masafa huku wakiendelea na kazi zao. Hakuwa akitania wala kunibeza. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba nitakwenda Marekani miaka minne na kurudi na karatasi isiyotambuliwa na mwajiri yeyote.

Hayo yalikuwa ya mjomba. Waliokuwa na habari zaidi walikuja na mengine. Wakala mmoja wa vyuo vya nje, ambaye tulimlipa fedha za ushauri jijini Dar es Salaam, alisema vyuo vidogo vya namna hiyo ni vya watoto wa matajiri wa Kizungu walioshindwa kuingia vyuo vikuu vyenye majina. Kaka wa rafiki yangu aliyekuwa akiishi Houston alisema nitakuwa mtu mweusi peke yangu katikati ya mashamba ya mahindi. Jirani aliyewahi kusikia neno “liberal” kwenye taarifa za habari alimwonya mama kwamba huko wanafunzi hawana dini, wanavuta bangi, na kazi yao ni maandamano. Niliyaandika yote kwenye daftari, moja moja kwa maneno ya aliyesema, na yalipofika kumi na moja niliacha kusikiliza na kuanza kuchambua.

Ninakiri kwamba mwanzoni sikuwa nachambua bali nilikuwa natetea. Nilikipenda chuo hicho tangu niliposoma habari zake kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kila neno baya nililitafutia jibu zuri kutoka kwenye kipeperushi cha chuo chenyewe, na kipeperushi chochote cha chuo kina picha ya vijana wa rangi zote wakicheka chini ya mti. Aliyenirekebisha ni mshauri wa EducationUSA, huduma ya ushauri wa masomo inayotolewa na ubalozi wa Marekani. Alilipitia daftari langu, kisha akaniuliza kuhusu kila mstari: huyu aliyesema hivi angejuaje? Je, amewahi kufika huko, mwaka gani, au ni jambo linaloweza kuhesabiwa bila kufika? Swali hilo lilibadilisha kazi yangu yote. Wakala hakuwahi kufika Iowa. Kaka wa Houston hakuwahi kufika pia. Jirani alikuwa anazungumzia neno, wala si chuo.

Nilianza na yale yanayohesabika, kwa kuwa hayo hayahitaji kumwamini mtu. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka hati ya takwimu iitwayo Common Data Set, yenye maswali yale yale kwa kila chuo, hivyo mtu anaweza kuvilinganisha bila kupitia kwenye maneno matamu ya waandishi wa vipeperushi. Sehemu B inaonyesha wanafunzi ni wangapi kwa rangi na asili, pamoja na wageni kutoka nje ya nchi. Sehemu F inaonyesha wangapi wanaishi kampasini na wangapi wamejiunga na vile vyama vya wanafunzi vyenye majina ya herufi za Kigiriki, ambavyo ndivyo chanzo cha sifa nyingi za ulevi wa vyuo vya Marekani. Sehemu H inataja misaada ya fedha, ikiwemo wanayopewa wageni, na Sehemu I inasema madarasa yana watu wangapi. Nilizisoma kwenye simu ya mama, usiku, bando likiwa nafuu, nikanakili tarakimu kwa mkono.

Nilichokikuta kilivunja baadhi ya maneno na kuthibitisha mengine. Chuo kina wanafunzi wapatao 1,700 tu, na karibu mmoja kati ya watano ametoka nje ya Marekani, kiwango ambacho vyuo vikuu vingi vikubwa vya nchi hiyo havikifikii. Kwa hiyo ile hofu ya kuwa mgeni peke yangu haikuwa na msingi. Lakini Wamarekani weusi walikuwa wachache, wachache kuliko nilivyotaka kuamini, na hapo kaka wa Houston alikuwa amekaribia ukweli kuliko kipeperushi. Vyama vya herufi za Kigiriki havipo kabisa Grinnell. Fungu kubwa la wanafunzi lilikuwa likipokea msaada wa fedha, jambo lisilolingana na picha ya wakala ya watoto wa matajiri watupu, ingawa matajiri walikuwepo na hakuna tarakimu iliyonificha hilo.

Suala la mjomba lilihitaji njia nyingine, kwa sababu yeye hakuwa na haja ya takwimu bali ya maana. Nilimweleza kwamba sanaa hizo, kama zilivyofundishwa zama za kati huko Ulaya, zilikuwa saba, na ndani yake mlikuwa na hesabu, jiometri na elimu ya nyota pamoja na sarufi, mantiki, ufasaha na muziki. Nilimwonyesha kwamba Grinnell inatoa shahada moja tu, Bachelor of Arts, hata kwa anayesoma kemia au sayansi ya kompyuta, hivyo neno hilo kwenye cheti halisemi chochote kuhusu uchoraji. Kilichomgusa hasa ni habari ya Robert Noyce, mtoto wa Iowa aliyehitimu hapo mwaka 1949 baada ya kusoma fizikia na hisabati, akawa mmoja wa wavumbuzi wa chipu ya silikoni, na mwaka 1968 akashiriki kuanzisha kampuni ya Intel. Mjomba alikuwa karani wa bandari kwa miaka mingi na alikuwa anaijua nembo ya Intel kwenye kompyuta za ofisini. Alinyamaza, kisha akauliza kama TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanakitambua chuo hicho. Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza, nami nilikuwa na pa kuanzia: Grinnell ina ithibati ya Higher Learning Commission, chombo kinachokagua vyuo vya eneo hilo la Marekani, na ithibati ya namna hiyo ndiyo jambo la kwanza kuangaliwa shahada ya nje inapoombewa utambuzi nyumbani.

Kwa mama nilitumia mfano wa karibu zaidi. Wangari Maathai, kabla ya kampeni yake ya kupanda miti na kabla ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004, alikuwa msichana kutoka Nyeri, Kenya, aliyepelekwa Marekani mwaka 1960 kusoma biolojia katika chuo kidogo cha kina dada wa Kikatoliki kilichoitwa Mount St. Scholastica, katika mji mdogo wa Atchison, Kansas, jimbo la mashamba kama Iowa. Alihitimu mwaka 1964. Mama hakusema kitu siku hiyo, lakini baadaye nilimsikia akimsimulia jirani.

Baada ya hapo ilibaki sehemu niliyoiona ngumu kuliko zote, yaani tabia za watu, ambazo hazimo kwenye hati yoyote. Hapa gazeti la wanafunzi lilinisaidia kuliko tovuti ya chuo. Grinnell ina gazeti liitwalo The Scarlet & Black, linalochapishwa tangu mwaka 1894, na ninamshauri kila anayeomba chuo cha mbali asome gazeti la wanafunzi la miezi sita mfululizo, kwa sababu jamii unaijua kwa kile inachogombania. Nilikuta kwamba wanafunzi wanaofanya kazi kwenye bwalo la chakula waliunda chama chao cha wafanyakazi mwaka 2016, na kwamba mwaka ule ule niliokuwa nalisoma gazeti hilo kulikuwa na mvutano kati yao na uongozi juu ya kukipanua chama hicho kiwafikie wanafunzi wote wenye ajira chuoni. Basi jirani alikuwa sahihi: huko kuna wanaharakati. Hata hivyo, walichokuwa wakikipigania kilikuwa mishahara na masharti ya kazi, jambo ambalo mimi pia lingenihusu, kwani mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi kampasini hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Neno lililokuja kama tishio nililihamisha upande wa pili wa daftari, kwenye mambo mazuri.

Kisha niliiandikia ofisi ya udahili nikaomba kuunganishwa na wanafunzi, nao wakanipa wanne. Barua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, na inanisikitisha hadi leo. Nilimwandikia kijana wa Chicago na kumuuliza kama ni kweli kwamba wanafunzi wa kwao ni walevi na hawana dini. Alinijibu kwa mstari mmoja wa heshima, usiokuwa na kitu ndani yake, na alikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa nimembandika sifa kabla ya kumsalimu, jambo lile lile nililokuwa nalikimbia. Nilimwomba radhi. Barua ya pili niliyowaandikia wote wanne ilikuwa na swali moja tu: Jumamosi iliyopita ulifanya nini, tangu ulipoamka hadi ulipolala?

Majibu yalikuja marefu. Dada mmoja wa Nakuru alifua nguo, akafanya zamu bwaloni, akashinda maktaba, na jioni akapika ugali na wenzake katika jiko la bweni, wakiwemo Mzimbabwe na Mvietinamu. Kijana wa Nepal alicheza mpira kwenye ukumbi wa ndani kwa sababu nje kulikuwa na baridi, kisha akalala mapema. Yule wa Chicago, ambaye alikuwa amenisamehe, alieleza kwamba usiku kulikuwa na sherehe, aliyetaka alikwenda na asiyetaka hakuulizwa, na kwamba yapo makazi yaliyotengwa kwa wasiotumia vileo kabisa. Wa nne alikuwa binti wa mkulima wa hapo hapo Iowa, na Jumamosi yake aliitumia nyumbani kwa wazazi wake, kwenye hayo mahindi niliyotishiwa. Aliniandikia jinsi shamba linavyoonekana baada ya mavuno kwa maneno ambayo mtu yeyote wa Korogwe au Lushoto angeyaelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba moyoni picha ya Mmarekani mweupe wa kijijini kama mtu asiyetaka kuwaona wageni, wala sikuwa nimeiandika daftarini, kwa kuwa sikujua kwamba nayo ni dhana.

Mwishoni mwa Novemba nilipitia mistari yote kumi na moja. Minne niliifuta. Iliyobaki ilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo swali halikuwa tena kama maneno ni ya kweli, bali kama ninaweza kuishi nayo. Mji una watu wapatao elfu tisa, na Des Moines, jiji la karibu lenye uwanja mkubwa wa ndege, liko umbali wa takribani kilomita 90. Januari maji huganda. Wengi wa wanafunzi wana msimamo wa kisiasa wa upande mmoja, na mwenye mawazo tofauti hulazimika kuwa na ujasiri. Niliyakubali hayo kwa macho wazi, nikaacha kuyaeleza kwa watu kana kwamba ni uongo. Insha yangu ya maombi niliiandika kutokana na daftari hilo: nilieleza kwamba nataka mahali ambapo kuna somo moja tu la lazima, lile la kikundi kidogo cha muhula wa kwanza ambalo mwalimu wake ndiye anayekuwa mshauri wako, na kwamba najua mahali hapo ni wapi na pakoje.

Usiku wa kutuma maombi, mama aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza kwa miezi sita. “Ukiugua usiku, nani atakupeleka hospitali?” Sikuwa na jibu. Nilimtumia dada wa Nakuru swali hilo kama lilivyo, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, akianza na shikamoo kwa mama. Alisema aliugua malaria muda mfupi baada ya kurudi kutoka likizo nyumbani, na kwamba aliyempeleka hospitali ni mama mmoja mzee wa mjini, kwa sababu kila mwanafunzi mgeni anayetaka hupatiwa familia ya mji kuwa mwenyeji wake. Mama yule alikaa naye mpaka alfajiri na kumweleza daktari tena na tena kwamba binti ametoka Afrika, wapime malaria. Mama yangu aliusikiliza ujumbe huo mara mbili, akaniomba jina la yule mama ili amwombee dua, kisha akasema, “Haya, tuma.”