Dakika 45: Kutoka Eucla hadi Visiwa vya Chatham

Ukitoka Norseman, Australia Magharibi, ukashika barabara kuu ya Eyre kuelekea mashariki, kijiji cha Eucla kiko kama kilomita 710 mbele. Kati ya Balladonia na Caiguna barabara haina kona hata moja kwa kilomita 146.6. Ukishapita Caiguna, kibao kinakutaka usogeze saa mbele dakika 45. Wengi hukisoma, wakacheka, wakapita.

Cheko huisha jioni. Vituo vya mafuta vya njia hii ndivyo vyenye jiko na vitanda, na hufuata saa za hapo. Jiko likifungwa saa 2:00 usiku, anayefika saa 1:30 kwa saa za Perth, mji mkuu wa jimbo, amechelewa robo saa nzima. Kuharakisha gari si dawa, kwa sababu jua linapozama ndipo kangaruu wanapoingia barabarani.

Simu haikunisaidia, ilibaki na saa za Perth. Ukiisogeza kwa mkono bila kubadili eneo la saa, miadi ya kalenda huvurugika na namba za siri zinazotegemea muda hukataliwa. Tafuta jina la Eucla kwenye orodha ya maeneo; lisipokuwemo, iache simu ilivyo na uvae saa ya mkononi.

Saa hizi za Eucla ni mazoea ya wenyeji, hazimo katika sheria, lakini zina mantiki. Perth ikiwa saa 6:00 mchana, Eucla ni saa 7 kasorobo na Adelaide, mji mkuu wa jimbo jirani la mashariki, ni saa 7:30: kijiji kimesimama katikati kabisa. Jua nalo linakubali, maana hufika utosini dakika kama 10 tu baada ya saa 6:00 ya Eucla. Kwa saa za Perth lingefika kabla ya saa 5:30. Majira ya joto Adelaide husogeza saa mbele, Eucla haisogezi, na ule ukatikati huvunjika.

Njia yangu iliendelea kwa gari hadi Ceduna (kula matunda yako kabla, ukaguzi wa mazao huyachukua), kisha Adelaide, Auckland, na mwisho ndege ndogo ya Chatham. Visiwa hivi vya New Zealand viko kama kilomita 800 mashariki ya Christchurch, na wakazi wake hawafiki 1,000. Hapa saa hutangulia zile za New Zealand bara kwa dakika 45, na dakika hizo ni sheria: zimo katika Sheria ya Saa ya New Zealand ya mwaka 1974.

Tiketi ndiyo inayowachanganya wageni. Safari ya saa mbili ikianza Auckland saa 4:00 asubuhi, utatua saa 6:45 mchana. Kurudi, ukiondoka saa 7:00 mchana, utafika saa 8:15. Kwenye karatasi kurudi kunaonekana hakufiki hata nusu ya kwenda. Nafasi ya kulala iwekwe mapema, na mwenyeji wako aambiwe saa za kisiwani, kwa kuwa ndiye atakayekupokea uwanjani.

Ofisi za Wellington zikifunguliwa saa 3:00 asubuhi, Chatham ni saa 4 kasorobo. Mvuvi wa kambakoche au mfugaji wa kondoo keshafanya kazi kitambo kabla ya kuwapigia simu. Kwa kipimo cha jua, saa ya Chatham imetangulia nusu saa hata wakati wa baridi, hivyo asubuhi huonekana nzito.

Ajabu ni kwamba Eucla na Chatham wenyewe hawana hesabu ngumu. Zile dakika 45 hufutana, na tofauti hubaki saa 4 kamili. Jumapili ya mwisho ya Septemba, saa 8:45 usiku, Chatham husogeza saa mbele na tofauti huwa 5, hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili.