Sauli na Kilio cha Kondoo

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimekaa na 1 Samweli 15, na kilichonishika ni mstari wa 12, ambao wengi huuruka. Sauli, mfalme wa Israeli, ametoka kuwapiga Waamaleki. Aliagizwa asibakize kitu, naye amembakiza mfalme Agagi pamoja na wanyama walionona. Kabla hajaonana na nabii Samweli, anapita Karmeli kujisimamishia mnara wa ukumbusho. Kisha ndipo anasema ameitimiza amri ya Bwana, na kondoo wanalia papo hapo!

Mnara ulitangulia, uongo ukafuata. Samweli anapouliza habari za kilio kile, lawama zinatupiwa watu: wao ndio walioleta, tena kwa ajili ya dhabihu. Hata anapokiri kwamba amekosa, ombi lake ni aheshimiwe mbele ya wazee. Toba yenyewe anaitumia kulinda jina.

Simpimi Sauli kama daktari, wala tusimbandike jirani ugonjwa kwa sababu ya tafakari moja. Daktari wa akili Anton Delbrück aliandika juu ya uongo uliopindukia mwaka 1891; haiba ya narsisizimu, yaani ya kujitukuza, iliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Uongo na kujitukuza huweza kukaa ndani ya mtu mmoja, lakini si kitu kimoja. Petro, mwanafunzi wa Yesu, alidanganya mara tatu kwa woga kwamba hamjui Bwana wake, na jogoo alipowika akatoka nje akalia. Anayeishi kwa kusifiwa hudanganya hata pasipo hatari, kwa kuwa ukweli humwonyesha mdogo kuliko anavyojitangaza. Kwa hiyo ushahidi haumnyamazishi. Mwonyeshe kondoo, atakupa hadithi ya kondoo.

Wanaoishi na mtu wa namna hii, awe mume, mzazi au mchungaji (naam, hata mchungaji), huambiwa wasamehe na warudi tu. Samweli alimlilia Bwana usiku kucha, akamwambia Sauli ukweli bila kuupunguza, akarudi naye siku ile. Baada ya hapo, mstari wa 35 unasema, hakumwendea tena mpaka kufa, ingawa alimwombolezea. Huzuni haikumrudisha. Na sioni Bwana akimkemea kwa kukaa mbali; alimuuliza atamlilia Sauli hata lini, akamwambia aijaze pembe yake mafuta, aende Bethlehemu kwa Yese, kumtia mafuta mfalme mwingine.