Siku moja maishani mwangu: napima bahari, sitabiri

Saa 11 alfajiri. Watu wakisikia natathmini hatari ya kupanda kwa kina cha bahari, huniuliza mji utazama lini, kana kwamba mimi ni mpiga ramli. Leo niko kwenye matope na mwenzangu mshika fimbo ya kupimia, kwa kuwa ni bamvua, siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida, na tunataka kuona maji yanafika wapi hata siku isiyo na dhoruba. Tunaweka alama, tunapiga picha, tunasubiri yapwe.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kupima vimo: vizingiti, mitaro, midomo ya visima. Hakuna cha kusimulia, ila jua.

Saa 5 akafika mteja. Anataka kujenga hoteli ufukweni, na benki yake inadai ripoti.

"Binti, mafuriko ya miaka 100 si yalikuja miaka 12 iliyopita? Basi tuna 88 mkononi."

"Hapana, mzee. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi moja kati ya 100. Kwa mkopo wa miaka 30, uwezekano wa kuyapata walau mara moja ni kama 26%. Na hapo tumechukulia kwamba bahari itabaki ilivyo."

Haibaki. Duniani kina kilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. "Milimita!" Akacheka, akanionyesha ukucha. Nikamweleza kuwa kila wimbi la dhoruba litapanda juu ya nyongeza hiyo, hivyo maji yaliyokuwa yakija mara moja kwa karne yatakuja mara nyingi zaidi. Akatoa ramani ya bure ya mtandaoni inayoonyesha kiwanja chake kiko juu sana. Data yake ni ya rada ya mwaka 2000, ambayo penye miti na mapaa mara nyingi ilisoma vilele badala ya udongo. Kiwanja chenyewe kimejaa miti. Akaitazama, akanitazama, akakunja ramani.

"Basi nipe namba moja."

Namba moja hakuna. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inakadiria kwamba kufikia 2100, ikilinganishwa na wastani wa 1995–2014, bahari itapanda sentimita 28 hadi 55 tukipunguza sana hewa chafu, na 63 hadi 101 tukiendelea kuimwaga kwa wingi.

"Andika 28."

Tulibishana hapo juani mpaka sauti ikanikauka. Nilichokuwa nikimuuliza ni kimoja tu: jengo lidumu miaka mingapi?

Alasiri, ofisini, sikumbuki hata saa. Macho yanawasha. Hesabu inaunganisha maji, vilivyo njiani mwake, na uwezo wa watu kuhimili. Ukipima hasara kwa fedha peke yake, vibanda vilivyo nyuma ya kiwanja kile vinatoka na rangi ya kijani, "hatari ndogo", kwa sababu tu ni vya bei rahisi. Ramani ya namna hiyo siitii saini. Nachora ya pili inayohesabu watu wanaolala humo, na nyingine ya kuona ukuta wa hoteli utayasukumia wapi maji. Kwa dalili za awali, ni kwao.

Usiku simu inaita. Ni yeye.

"Binti, tuseme 40?"

"Mzee, jengo lidumu miaka mingapi?"